Oili ya mashine ya boti: ya kununua na ya kuiacha dukani

Ukienda kutafuta oili ya kuchanganya na petroli ya mashine ya boti, usianze na bei wala picha ya pistoni inayometa kwenye chupa. Igeuze, usome nyuma, utafute herufi hizi: TC-W3. Zisipokuwepo, irudishe ilipokuwa.

Hicho ni kiwango cha NMMA, chama cha watengenezaji wa vyombo vya majini cha Marekani. TC ni injini ya mipigo miwili, ambayo wengi tunaiita tustroki. W ni ya kupozwa kwa maji. 3 ni toleo la tatu. Oili iliyosajiliwa huwa na namba inayoanza na RL. Chupa inayojisifu tu kwamba “inafaa panapotakiwa TC-W3”, bila namba yoyote, mimi naitilia shaka.

Wengi husema tustroki ni tustroki, oili ya pikipiki itafaa. Haifai. Pikipiki nyingi na msumeno wa mnyororo hupozwa kwa upepo na silinda zake huchemka sana, kwa hiyo oili yake, ile yenye alama ya kiwango cha Kijapani, JASO FC au FD, mara nyingi hutiwa dawa za kusafisha zenye madini ambazo zikiungua huacha jivu. Mashine ya boti inapozwa na maji yale yale ambayo boti inaelea juu yake, halafu inashindiliwa mwendo wa mwisho saa nzima bila kupumua. Jivu linajijenga juu ya pistoni na kwenye plagi. Niliwahi kufungua plagi ya mashine ya farasi 15 iliyokuwa ikikatakata njiani. Katikati ya zile ncha mbili palikuwa na kiunywele cha kijivu, chembamba kama uzi wa buibui, kimeunganisha huku na huku. Umeme ulikuwa unapita humo kimyakimya, cheche hairuki. Mwenyewe alikuwa amebadilisha kabureta bure.

Sasa nizipange kwa jinsi ambavyo ningenunua mwenyewe.

Ya kwanza ni TC-W3 nusu sintetiki, yaani oili ya kawaida iliyochanganywa na ile ya kutengenezwa kiwandani. Kwa mashine ya kawaida yenye kabureta, hii ndiyo inayolipa. Moshi wake ni mdogo na ringi hazigandi upesi, jambo kubwa kwa anayevuta ndoano polepole kutwa nzima, maana mwendo wa polepole ndio unaolea masizi.

Ya pili, TC-W3 ya kawaida isiyo sintetiki. Inatoa moshi zaidi, basi. Mashine ya zamani inayotoka kila siku itakwenda nayo vizuri miaka mingi, na asikuambie mtu kwamba unaiua.

Ya tatu ni sintetiki kamili, na hapa nitapingwa. Kwenye kabureta naiona ni anasa. Ila kama mashine yako inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kama vile Mercury OptiMax, Yamaha HPDI au Evinrude E-TEC, mpangilio wangu unapinduka. Humo oili husukumwa peke yake, kidogo sana, na kila tone lina kazi. Fuata kitabu cha mashine neno kwa neno. E-TEC iliacha kutengenezwa mwaka 2020 lakini bado ziko nyingi majini, na zilizopangwa kutumia XD100, oili ya Evinrude yenyewe, zisipewe oili nyingine kienyeji.

Zipo pia zinazooza zenyewe majini. Nzuri kwa ziwa au mto ambao watu wanateka maji ya kunywa, mradi nazo ziwe na TC-W3.

Oili ya JASO naiweka chini kabisa: ukiwa umekwama mbali na huna nyingine, tangi moja la kukurudisha nyumbani ni heri kuliko petroli tupu. Oili ya injini ya gari haimo kwenye orodha hata kwa dharura ya kawaida. Ile imetengenezwa ikae ndani bila kuungua, na tustroki inataka oili inayoungua ikaisha.

Rangi isikushughulishe. Buluu au kijani imewekwa ili ujue petroli imeshachanganywa. Kwenye tangi la oili la mashine inayojichanganyia yenyewe, TC-W3 ya kampuni moja inaweza kuongezewa ya nyingine; ukichanganya na isiyo TC-W3 unaweza kupata uji mzito unaoziba mirija.

Kipimo cha mashine nyingi ni 50 kwa 1, yaani mililita 400 kwa lita 20 za petroli. Zipo za 100 kwa 1, zinazotaka mililita 200 tu, na mashine mpya mara nyingi huanza na 25 kwa 1 kwa saa 10 za mwanzo, hivyo mililita 800. Nunua na kikombe cha kupimia. Kifuniko cha chupa si kipimo. Tia oili kwanza, petroli nusu, tikisa, kisha jaza. Kwa 50 kwa 1, dumu la lita 4 linatoa matangi 10 ya lita 20. Likikauka kwenye la saba, mwulize anayepima.