Google Docs na WordPress: nani anatunza drafti yako vizuri

Mimi naandika karibu kila siku, na kwenye programu ya kuandikia mtandaoni sihangaiki na fonti wala rangi, naangalia kwanza nikifungua tena drafti ya jana inaniletea ipi. Kuna moja, jina naliacha, ilinipotezea kurasa tatu nzima. Nilikuwa nimeifungua kwenye simu na kwenye kompyuta, kumbe simu bado imeshika nakala ya zamani, nikagusa neno moja tu ikapeleka hiyo nakala yote kwenye seva (kompyuta ya kampuni inayohifadhi kazi yako) na kufunika kazi ya kompyuta. Iliniuma sana jamani.

Google Docs hapo wako vizuri mno. Yenyewe haitumi drafti nzima kila saa, inatuma mabadiliko tu, herufi imeongezwa hapa, sentensi imefutwa pale, seva inayapanga kwa mfuatano, ndo maana watu wawili mnaandika aya moja kwa wakati mmoja na hakuna anayemfuta mwenzake (huo uandishi wa herufi kwa herufi walikuja nao kwenye toleo jipya la 2010). Halafu kuna historia ya matoleo, unarudi ulikotoka, na hata ukirudisha la zamani yale mapya hayafutiki, yapo palepale. Naipenda sana hiyo. Ila kuandika bila intaneti lazima uwe umeiwasha mapema ukiwa bado na mtandao, na wengi hawajui hili mpaka mtandao ukate.

WordPress, ile ya kuandikia blogu na tovuti, ina njia nyingine. Kama hujabadilisha mipangilio inajisevu kwenye seva kila sekunde 60, na nakala nyingine inakaa kwenye brauza yako, kwahiyo mtandao ukikata katikati ukifungua tena inakuuliza kama unataka kurudisha. Makala iliyokwisha kuchapishwa haiguswi mpaka ubonyeze mwenyewe, hilo nawapa hongera. Mwenzako akifungua makala uliyonayo anaonywa kwamba kuna mtu ndani. Tatizo langu ni kwamba kujisevu kwenyewe kunabakiza nakala moja tu kwa kila mtumiaji, mpya inakula ya zamani, kwahiyo kama hubonyezi kusevu mwenyewe hupati ngazi za kurudi nyuma, ukifuta aya saa nne na kuijutia saa sita basi imeenda.

Google Docs naipa 9 kwa 10, WordPress 7. Ukijaribu nyingine yoyote ifungue sehemu mbili kwa pamoja na maandishi ya majaribio, zima intaneti upande mmoja, andika pande zote, washa tena uone inabaki na nini.