Seti ya bisibisi na konsoli iliyokuwa ikizimika kwa joto: uzoefu wangu

Kabla sijaisifu au kuilaumu seti hii, niseme kwanza konsoli yangu ya kuchezea gemu ilikuwa inaumwa nini, maana vifaa hivi havitibu kila ugonjwa. Ilikuwa inawaka vizuri, picha inakuja, menyu inafunguka bila shida. Gemu nyepesi ilizimudu. Ukifungua gemu nzito yenye ramani kubwa ndipo feni ilipoanza kuvuma, sauti ikapanda mpaka unalazimika kuongeza ya televisheni, kisha yanatokea maandishi ya onyo kwamba mashine imepata joto kupita kiasi, kisha giza. Ukiiacha ipoe, inawaka tena kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nilikuwa nimeshaitoa kwenye kabati na kuiweka mahali pa wazi, programu yake nayo ilikuwa mpya kabisa. Hali ikabaki ileile. Nilipoweka mkono nyuma, kwenye matundu ya kutolea hewa, upepo ulikuwa wa moto lakini hafifu, huku feni inazunguka kwa nguvu zake zote. Maana yake feni inasukuma lakini hewa haina pa kupita. Waranti ilishaisha, kwa hiyo sikuwa na cha kupoteza upande huo. Nikanunua seti ya vifaa vya kufungulia vyombo vya elektroniki, ile ya kisanduku kimoja chenye mpini wa bisibisi, ncha za kila aina, vipande vya plastiki vya kubandulia, kibano, brashi na kijitubu cha pesti ya joto.

Ncha ndizo zilizobeba thamani ya kisanduku kizima. Bisibisi za kawaida za nyumbani hazifui dafu mbele ya konsoli. Xbox na PlayStation nyingi hufungwa kwa skrubu za tundu la nyota yenye pembe sita, na baadhi zimewekewa kipini kidogo katikati ya tundu, makusudi, ili ncha ya kawaida isiingie. Unahitaji ncha ya nyota iliyotobolewa katikati. Nintendo Switch kwa nje imefungwa kwa skrubu za mabawa matatu. Kwenye seti hii zote zipo, kila moja na namba yake imechorwa ubavuni, na chuma chake ni kigumu. Hilo la ugumu ni la kuangalia sana, kwa sababu ncha laini hujiviringa pembe, ikishajiviringa huanza kuteleza, na ikiteleza inakula tundu la skrubu. Skrubu iliyoliwa ndani ya shimo refu ni kazi ya kuchimba.

Kwenye konsoli yangu skrubu kuu zimezama kwenye mashimo yenye kina, na macho hayafiki. Nilishusha ncha taratibu, nikaizungusha kidogo huku na huku bila kukandamiza, mpaka nikaisikia inaingia na kutulia. Nilipoanza kufungua haikucheza hata kidogo. Mpini una kichwa kinachozunguka chenyewe, hivyo unaweka kidole cha shahada juu, unakandamiza kidogo, na vidole vingine ndivyo vinavyozungusha. Sumaku ya ncha inatosha kuitoa skrubu shimoni bila kuhitaji kibano. Kwa kazi hiyo peke yake ningeinunua tena.

Vingine ndani ya kisanduku ni vya kiwango tofauti. Vipande vya plastiki vya kubandulia ni laini mno; nilipovisukuma kwenye mshono wa kifuniko vilijikunja, nikaishia kutumia kadi ngumu ya zamani. Kibano ncha zake hazikutani sawasawa. Na pesti iliyokuja nayo haina jina wala maelezo yoyote juu ya kijitubu, kwa hiyo sikuithubutu. Pesti ndiyo inayokaa kati ya chipu na kipoza joto kwa miaka, na kitu cha namna hiyo lazima nijue kimetoka wapi. Nilinunua nyingine pembeni, ya kampuni inayojulikana kwa kazi hiyo, pamoja na alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Ile ya asilimia 70 ina maji mengi, na kwenye bodi ya elektroniki maji hayo hukawia kukauka.

Kuhusu usalama sitazunguka. Kuchomoa waya hakutoshi. Konsoli nyingi zina pawa saplai ndani yake, na kapasita za humo, vijenzi vinavyohifadhi umeme, hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa. Mimi nilichomoa kila kitu, nikabonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia, nikaiacha ikae muda mrefu kabla ya kugusa kitu. Pawa saplai yenyewe niliitoa ikiwa nzima ndani ya boksi lake na kuiweka kando bila kuifungua. Hakuna sababu ya kuifungua kwa kazi ya kusafisha. Ukiona tatizo liko humo ndani, mpelekee fundi au ibadilishe nzima. Meza yangu ilikuwa ya mbao tupu, chini hakuna zulia, na kila mara niligusa chuma cha fremu kabla ya kugusa bodi ili umemetuli wa mwilini usije ukapita kwenye chipu.

Skrubu moja ilikuwa chini ya stika inayosema ukiibandua waranti imekufa. Kwangu waranti ilishakwisha, lakini kwa ambaye bado anayo, ni vizuri kujua kwamba mwaka 2018 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliziandikia barua za onyo kampuni sita kuhusu masharti ya aina hiyo, na Sony, Microsoft na Nintendo zilikuwemo. Hiyo ni sheria ya Marekani. Kwingine soma karatasi yako ya waranti kabla ya kushika bisibisi, na kama bado iko hai, itumie. Umeshailipia.

Nilichora umbo la konsoli kwenye karatasi na kila skrubu niliyotoa nikaiweka mahali pake kwenye mchoro. Zinafanana, ila urefu unatofautiana, na skrubu ndefu ukiirudisha kwenye shimo la fupi inaweza kutokea upande wa pili na kugusa bodi. Picha za simu nilipiga kila hatua, hasa nyaya zilivyopita. Kebo bapa za utepe ndizo zinazoua mashine nyingi mikononi mwa wanaojifunza: kwenye soketi nyingi kuna kijifuniko chembamba kama ukucha, unakiinua kwanza kisha utepe unatoka wenyewe. Ukivuta kabla ya kukiinua, unachana soketi. Kwa nyingine hakuna kijifuniko na unavuta moja kwa moja kwa kichupo chake, kwa hiyo iangalie kwanza kwa mwanga wa kutosha.

Nilipoitoa feni, nikaona kilichokuwa kikiniimbia usiku wote. Mapezi ya kipoza joto, zile bati nyembamba zilizopangwa kwa karibu ambazo hewa inatakiwa kupita katikati yake, yalikuwa yamezibwa upande wa feni na tabaka la vumbi na nywele lililoshikamana mpaka likawa kitambaa. Sikulipuliza. Nilishika ukingo kwa kibano, nikalivuta, na likatoka vipande vipana vikiwa vizima. Nyuma yake bati zilikuwa zinang'aa. Kupuliza kwa nje kupitia matundu, ambako wengi tunakufanya tukidhani tunasafisha, kusingelifikia tabaka hilo. Pengine kungelikandamiza zaidi.

Mabaki nilimalizia kwa brashi na kopo la hewa. Kopo lishikwe wima, maana ukiliinamisha hutoa kimiminika baridi badala ya hewa. Na mapanga ya feni yashike kwa kidole unapoyapuliza. Ukiyaacha yazunguke ovyo kwa kasi isiyo yake, unaumiza beringi.

Pesti ya zamani ilikuwa kavu, ya kijivu, ina nyufa, na pembezoni inapukutika ukiigusa. Kazi yake ni ndogo lakini bila yake hakuna kinachopoa. Uso wa chipu na uso wa kipoza joto vikionekana laini kwa macho, bado vina mabonde madogo sana, na mabonde hayo yakijaa hewa, joto halivuki, kwa kuwa hewa ni mpitishaji mbovu wa joto. Pesti inajaza hapo. Ikikauka na kupasuka, hewa inarudi, joto linabaki kwenye chipu, na feni inaongeza kasi kupambana na tatizo ambalo upepo hauwezi kulitatua. Niliifuta kwa kitambaa kisicho na nyuzi kilicholowekwa alkoholi, nikarudia mpaka chipu ikawa kioo. Kisha nikapaka mpya, tabaka jembamba linalofunika uso wote wa chipu na kuishia hapo. Ikizidi inakuwa blanketi na kumwagika pembeni. Skrubu za bati la kukandamizia nilizikaza kidogo kidogo kwa kupishana pembe, ili kipoza joto kikae sawa badala ya kuegemea upande mmoja.

Hapa lazima niwasimamishe wenye PlayStation 5. Konsoli hiyo, iliyotoka Novemba 2020, haitumii pesti ya kawaida kwenye chipu yake kuu. Inatumia metali ya kimiminika, ambayo inapitisha umeme, na tone likidondoka kwenye vijenzi vya jirani unaweza kupoteza bodi. Msifuate maelezo yangu ya pesti. Habari njema ni kwamba bamba zake za pembeni hutoka kwa mkono, na ndani kuna matundu ya kukusanyia vumbi ambayo unaweza kuyanyonya kwa mashine ya kufyonza vumbi bila kugusa skrubu hata moja ya ndani. Kwa wengi hiyo inatosha.

Kuna waliowahi kuniuliza kwa nini nisifanye ule ujanja wa kuifunga konsoli kwa taulo ili ipate joto na kujirekebisha. Ujanja huo ulisambaa enzi za Xbox 360, iliyotoka 2005, ambayo taa zake tatu nyekundu, ishara kwamba imeharibika, zilitia watu huzuni dunia nzima. Mwaka 2007 Microsoft iliongeza waranti ya hitilafu hiyo hadi miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa ajili yake. Kilichokuwa kinatokea ni kwamba kupata joto na kupoa mara kwa mara kulikuwa kunapasua viungio vidogo ndani ya chipu. Ukiipasha moto zaidi, viungio vinaweza kugusana kwa muda, mashine ikawaka, ukashangilia, na ikafa tena ikiwa imeharibika zaidi. Joto ndilo ugonjwa wenyewe. Ndiyo maana nawasihi wenye konsoli zinazovuma wasisubiri mpaka zigome kuwaka.

Kuhusu kurudisha, sina la kusema zaidi ya kwamba picha za simu zilinisaidia. Niliwasha kabla ya kukaza skrubu zote za nje, nikiwa nimeshafunika pawa saplai mahali pake. Ikawaka. Nikafungua ile gemu nzito na kuiacha iende. Feni ilipanda kidogo kisha ikatulia, na hewa ya nyuma safari hii ilitoka kwa nguvu, ya moto hasa, na hiyo ndiyo dalili unayoitaka: joto linatoka nje. Onyo halijarudi tangu siku hiyo. Kuna mkwaruzo mdogo wa sauti kwenye feni yenyewe, nadhani beringi imeshachakaa kwa miaka ya kuhangaika, na ukizidi nitaibadilisha feni nzima. Kwa kuwa ni kipuri cha kuchomeka, seti hii inatosha kwa kazi hiyo pia.

Kazi ambazo seti hii haiziwezi nizitaje, ili mtu asinunue kwa matumaini yasiyo yake. Tundu la HDMI, la kuchomeka waya wa televisheni, likivunjika lina pini 19 zilizolehemiwa kwenye bodi, na linahitaji mashine ya hewa moto ya kuyeyushia lehemu na mkono uliozoea. Kisoma diski nacho kina mtego: kwenye Xbox One na PlayStation 4 bodi ya kisoma diski imeoanishwa na bodi kuu, kwa hiyo ukinunua kisomaji kingine kizima na kukichomeka, hakitasoma gemu. Unahamisha mitambo na kubakiza bodi yako ya asili. Konsoli isiyowaka kabisa, isiyotoa hata mlio, nayo ni ya kwenda kwa fundi mwenye mita ya kupimia umeme.

Naipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja inakatwa kwa ajili ya vile vipande vya plastiki na pesti isiyo na jina, ambavyo mtengenezaji angeviondoa kabisa na kuweka kitambaa kizuri cha kufutia na karatasi ya sumaku ya kupangia skrubu. Pedi yangu moja ya kuchezea nayo ina kasoro, mhusika wa gemu anatembea peke yake bila kijiti kuguswa, na nimeshaifungua kwa mpini huuhuu kuangalia: kijiti chake kimelehemiwa kwenye pointi 14. Hiyo nampelekea fundi.