Sumaku ya kusugua kioo: kitu kimoja tu ndicho kilichonifanya niipende

Usitoke kwanza. Angalia kioo hiki. Nasogeza kamera… unamwona samaki? Humwoni. Mle ndani kuna nemo wawili, lakini wewe unaona kama mtu kamwaga chai ya maziwa ikakaukia. Hivi ndivyo tangi langu la maji chumvi linavyokuwa nisipoligusa siku nne. Leo ni ya nne, nimeliacha makusudi kwa ajili yenu. Mke wangu jana kaniuliza kama samaki nimeshawauza.

Karibuni wadau. Kwa wageni: nipo Dar, tangi langu ni la lita 240, na hii ni wiki ya 9 tangu nilitie maji. Wenyeji mlikuwepo kwenye ile video ya amonia, mkaniona nakesha na vichupa vya kupimia kama mganga. Tumevuka watu elfu tatu, asanteni sana, maana niliambiwa hapa Bongo hakuna atakayekaa kumtazama mtu anayechungulia maji.

Leo ni hii hapa. Sumaku ya kusugulia kioo, kipande kimoja ndani ya tangi, kingine nje. Kampuni sijui, boksi zima ni Kichina. Vipimo sisomi, nimeviandika hapo chini. Jua tu kwamba inasema kioo mpaka milimita 10, changu ni milimita 8, inashika vizuri. Na vidole, jamani, vidole! Vipande viwili vikikutana bila kioo katikati, kidole chako kikiwa hapo, utamwita mama.

Kwa nini nimenunua nyingine wakati nilikuwa nayo? Njoo huku pembeni. Unauona huu mstari, mrefu, kama paka kakwaruza? Huo si uchafu, nimeshaupangusa mara mia. Hapo kioo kimeliwa. Ile sumaku ya kwanza ilikuwa inazama. Ilidondoka mchangani, nikaivuta juu bila kuitoa kuisuuza, punje moja ikanasa kati ya kitambaa na kioo, nami nikaendelea kusugua huku napiga mluzi. Mstari huo tutazeeka nao.

Halafu kona ya plastiki ikapasuka, ufa mdogo tu. Sumaku hizi kali ni za neodimiamu, na neodimiamu ikiguswa na maji ya chumvi inaoza kama mkate. Inavimba, inazidi kulipasua ganda, kisha inatoa maji ya kutu humo humo wanamoishi samaki. Mimi niliiwahi. Kwa hiyo hata hii mpya, kila mwezi naitoa naikagua kona zote nne.

Haya. Nilichowaitia ni hiki. Geuza. Unaona rangi ya kitambaa chake?

Nyeupe!

Utasema huyu kachanganyikiwa, anashangilia kitambaa. Subiri. Nyingi nilizoziona madukani hapa mjini zina kitambaa cheusi, au kijivu iliyokolea. Wanasema cheusi hakionyeshi uchafu. Sasa ndugu yangu, mimi uchafu ndio ninaoutafuta!

Tazama. Naiweka juu kabisa, karibu na uso wa maji. Nashuka nayo taratibu, sikimbii, ukikimbia kile cha ndani kinaachia. Nafika vidole vitatu juu ya mchanga, nasimama. Sishuki zaidi, somo nilishalipia. Narudi juu. Mkondo wa pili. Wa tatu. Ona samaki wanavyotokea, ee, huyo hapo, anashangaa kumbe nje kuna watu. Sasa natoa. Nakung'uta maji. Nasogeza kwenye mwanga.

Rangi gani hii? Kahawia. Kama kitambaa cha kufutia meza ya mgahawa. Sogea zaidi. Napitisha kidole: inatoka kama vumbi la mkaa lililolowa, laini, haina nyuzi, haivutiki kama kamasi. Nasuuza kwenye ndoo hii ya maji ya tangi… inaondoka yote. Kimebaki cheupe tena, kasoro hapo pembeni.

Hizo ni daiatomu. Ni mwani, vijidudu vidogo mno vinavyojijengea ganda la silika, malighafi ile ile ya kioo. Tangi jipya karibu lote linapitia hapo, mara nyingi kuanzia wiki ya pili au ya tatu, kwa sababu mchanga mpya, mawe mapya na maji vyote vinaleta silika. Ikiisha, nao wanaisha. Hutakiwi kutia dawa, hutakiwi kuvunja tangi, hutakiwi kulia. Ni kuvumilia tu.

Lakini sasa ndipo kitambaa kiliponikamata. Mimi kila nikisugua nakipiga picha. Hii hapa kwenye simu, wiki ya 4: kahawia. Sawa. Wiki ya 5, kahawia. Wiki ya 7, ile ambayo kila mtu aliniambia nitaanza kuona kijani, bado kahawia, tena ilikuwa inarudi ndani ya siku mbili. Nikajiuliza, hii silika inatoka wapi? Mchanga hauwezi kutoa milele. Ingekuwa kitambaa cheusi nisingejua, ningesugua tu kila siku na kujiona hodari.

Nikaanza kufuatilia. Chumvi naichanganya na maji ya RO, yale yaliyochujwa kwa mashine mpaka yakabaki karibu matupu, nanunua, yako safi. Chakula kidogo. Taa saa nane kwa siku, hazizidi. Halafu nikaiangalia ile ndoo ya kujazia.

Jamani. Kwa joto hili la Dar, na feni ninayoielekeza juu ya maji ili yasichemke, tangi langu linapoteza lita kama 3 kwa siku. Chumvi haipandi na mvuke, inabaki, kwa hiyo unajazia maji yasiyo na chumvi. Mimi nilikuwa najazia ya kisima. Si "maji baridi tu"? Nikayapima kwa kile kikalamu cha TDS, cha kupimia vitu vilivyoyeyuka majini: 380. Ya RO ya dukani: 2. Kikalamu hakikwambii ni nini kimeyeyuka, kinakwambia tu kwamba kipo. Lita 3 mara siku 30 ni lita 90. Kila mwezi naingiza lita 90 za kisima kwenye tangi la lita 240, maji yanapaa, vilivyomo vinabaki. Nilikuwa nawafuga daiatomu kuliko samaki.

Nimeacha wiki mbili hivi zilizopita. Kile ulichokiona mwanzo wa video ni uchafu wa siku nne. Kabla ya hapo hali hiyo ilikuwa siku ya pili. Kwa hiyo mimi sasa nahesabu siku. Kioo kikichukua siku nyingi zaidi kuchafuka, najua humo ndani chakula cha mwani kinapungua, hata kabla sijatoa vichupa vya kupimia.

Na ukinunua mashine yako ya RO, hakikisha ina ile chupa ya resini ya mwisho. Silika ni nyepesi kuponyoka kwenye chujio, resini ndiyo inayoikamata, na resini ikichoka silika ni kati ya vitu vya kwanza kupita.

Rangi nyingine je? Hiki kitambaa cha pili, kilikuja cha akiba ndani ya boksi, nilikwenda nacho Mbezi kwa rafiki yangu. Ona: kijani, kama mchicha uliosagwa. Mwani huo ukiwa ni vumbi la kwenye kioo tu usihangaike nao, ni maisha. Ukiwa na nyuzi kama nywele kwenye mawe, hapo sumaku haina kazi. Unang'oa kwa mkono, unaleta konokono, unapunguza chakula, unapima nitreti na fosfeti, ndicho chakula cha mwani. Na ule mchuzi wa kamba wa kugandishwa unaowalisha samaki, wakiyeyuka mimina sinkini, usimwage wote ndani kama unaunga mboga.

Nyekundu, ya zambarau hivi, inayobanduka kama utando wa maziwa yaliyochemka? Huo si mwani hata kidogo, ni bakteria, sayanobakteria. Nyonya kwa mpira, ongeza msukumo wa maji kule kwenye kona zilizolala. Na kahawia yenye kamasi na mapovu mapovu, inayotoweka usiku na kurudi mchana, hiyo simama. Hizo huenda ni dinoflajeleti, na mara nyingi zinakuja baada ya mtu kushupalia usafi mpaka nitreti na fosfeti zikawa sifuri. Nyingine zina sumu, konokono wanakufa. Kwa hiyo usikimbilie sifuri. Mimi napenda nitreti iwe 5 hivi, mpaka 10 sina neno, na fosfeti isizidi 0.1.

Nikizungumzia konokono, huyo kageuka tena! Ona, mgongo chini, miguu juu, kama mbunge baada ya chakula cha mchana. Hawa wakubwa wakianguka chali hivi mara nyingi hawawezi kujigeuza, ukimwacha anakufa na maji yanachafuka. Ngoja… haya baba, endelea na kazi.

Mnajua kinachonichekesha? Kule Zanzibar, Paje, Jambiani, kina mama wanaamka na maji yakitoka kwenda kulima mwani, wanaufunga kwenye kamba, wanauanika, wanauza. Mimi nipo Dar natoa hela nipate kuung'oa.

Tena mnaniuliza kuhusu maji ya bahari. Ndiyo, tunakaa na bahari mlangoni, kwa nini ninunue chumvi? Unaweza. Lakini wewe unayechota ufukwe wa Coco baada ya mvua, rafiki yangu, mto Msimbazi unaishia wapi? Pale pale jirani, daraja la Salenda. Mji mzima umeoga, umefua, umemwaga, na mto umebeba. Ukitaka ya bahari, vuka Kigamboni, nenda mbali na makazi, chota maji yakiwa yamejaa, na msimu wa masika ukiwa umepita. Na mawe usiguse. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo ni hifadhi, usinibebee tumbawe ukasema umeona kwangu.

Turudi. Ninachokichukia kwenye sumaku hii. Boksi lina picha ya kipande kinaelea. Tuone. Naachia… kinapanda, kinapanda… kimefika. Kinaelea, sikatai. Lakini kimelala kitambaa juu! Yaani kila kikiachia, unaingiza mkono ukigeuze. Sasa faida ya kuelea ni nini kama mkono utalowa? Sumaku ya kampuni nyingine, Mag-Float, niliijaribu kule Mbezi, inaelea imekaa sawa, unaifuata kwa kipande cha nje unaidaka. Bei yake mpaka ikufikie hapa ni habari nyingine.

Na huu wembe wa plastiki wanaokupa, upuuzi mtupu. Mwani wa pinki ule mgumu, wenye chokaa, ambao kwa kweli ukiuona ufurahi, hauguswi na huu wembe. Umepinda siku ya kwanza. Natumia kadi ya benki iliyoisha muda. Angalia, kra, kra, kra. Imetoka. Kadi haikuwahi kunifanyia kazi nzuri namna hii ilipokuwa hai.

Bei. Mimi nililipa Sh 65,000 Kariakoo. Wiki iliyofuata rafiki yangu akaenda, duka lile lile, akaambiwa 80,000. Kwa 65 ningesema chukua. Kwa 80… mmh. Na kama bado unajazia maji ya kisima, acha sumaku kwanza, tafuta kile kikalamu cha TDS. Nilianza video nikisema naipenda sumaku, sasa naona nakuuzia kikalamu. Na nikifikiria vizuri, ninachokipenda ni weupe tu. Hata soksi nyeupe ya shule ukiivaa mkononi…

Ngoja. Ngoja nijaribu. Hii hapa ni mpya, bado ina lebo, haijawahi kuona sabuni. Ya kufuliwa usiingize, sabuni inaua. Mikono nimeshanawa maji matupu. Naingiza… upande huu wa kushoto sijaugusa bado. Nasugua. Inashika kweli! Inaingia mpaka kwenye kona, pale sumaku haifiki. Natoa. Oneni rangi hiyo, kahawia safi, inaonekana kuliko kwenye kitambaa. Elfu mbili hii, jozi.

Nani? …Ndiyo, nipo narekodi. …Soksi gani?