Kitabu gani cha ufundi kinafaa Massey Ferguson 135

Sisi wenye Massey Ferguson 135 huku Mbarali tuna trekta lililotoka kiwandani kati ya mwaka 1964 na katikati ya miaka ya 1970. Fundi anayeitwa kutoka Rujewa leo kakulia kwenye matrekta mapya. Kitabu cha ufundi lazima uwe nacho, maana trekta likilala juu ya mawe wakati watu wanalima majaruba ya mpunga, wateja hawatakusubiri.

Kitabu cha mwendeshaji, kile cha mafuta, grisi na upepo wa matairi, mpe dereva akae nacho. Ukishafungua injini hakina msaada.

Kuna kile cha Kimarekani kinachoweka 135, 150 na 165 kwenye jalada moja. Maelezo ya haidroliki, yaani mfumo wa oili unaoinua jembe, yamenyooka, nakisifu kwa hilo. Ila jina la 135 lilibeba injini tofauti: Perkins ya dizeli ya silinda tatu, AD3.152, ambayo ndiyo yangu, za petroli za Perkins, na kule Marekani Continental ya petroli. Vipimo vyote vimepangwa safu kwa safu kwenye jedwali moja. Fundi mwenye haraka, mikono imejaa oili, anashika safu isiyo yake. Sikipendekezi kwa mtu wa dizeli.

Ninachokitetea ni kile kikubwa cha karakana cha Massey Ferguson wenyewe. Kwenye kuseti tapeti, yaani nafasi kati ya valvu na roka, mkono unaoisukuma ifunguke, hakikuachi ukibahatisha: injini ikiwa baridi nafasi ni milimita 0.30, ikiwa ya moto 0.25. Mpwa wangu huweka ukurasa huo wazi kwenye madigadi, anaingiza fila geji, kibati chembamba cha kupimia nafasi, kati ya roka na valvu, anaivuta taratibu mpaka aisikie inashikwa kidogo, ndipo anakaza nati. Tapeti ikibana, valvu haifungi vizuri chuma kikipata moto, mwishowe inaungua. Ikilegea inagonga, na valvu haifunguki inavyotakiwa. Tofauti yenyewe ni unene wa karatasi, kwa hiyo namba lazima isomeke.

Hapo ndipo nakala za kuskani za kitabu hicho zinaponiudhi. Niliuziwa moja mjini ambayo nukta za desimali zimefutika na michoro mipana ya haidroliki imekatwa katikati. Muuzaji aliniambia eti zote ziko hivyo. Si kweli, nilipata nyingine safi kabisa. Kabla hujatoa hela, fungua kurasa za vipimo, usiishie kwenye jalada.

Na kabla ya hayo yote, soma namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku. Matrekta haya ya zamani mengi yameshabadilishwa injini, hivyo jina la kwenye boneti lisikutoshe. Ukipata faili safi la kuskani, lipeleke steshenari waprinti michoro kwenye karatasi ya A3. Kwenye A4 mishale ya njia za oili haionekani.