Siku tatu Amani wakati wa kipupwe: uzoefu wangu

Nimerudi juzi kutoka Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, nilikokwenda kutembea na kutazama ndege kwa siku tatu za Julai. Nianze na lililo muhimu kuliko yote: ukienda, chukua mwongozaji wa kijijini tangu hatua ya kwanza.

Mimi siku ya kwanza sikumchukua. Aliyenipangia safari kule mjini alinihakikishia kwamba njia zina vibao na darubini yangu inatosha. Vibao kweli vipo. Nikapanda kutoka Sigi, kwenye lango la hifadhi, kama mita 450 juu ya usawa wa bahari, hadi Amani penyewe, zaidi ya mita 900, na ndege niliowatambua hawakufika kumi. Msitu ule ni mnene mno. Mluzi huu hapa, jibu lake lile kule, jani linatikisika, ukiinua darubini pametulia. Hondohondo tu ndio waliojionyesha, kwa sababu wakipita juu ya miti mvumo wa mabawa yao unausikia kabla hujawaona.

Siku ya pili saa kumi na moja na nusu alfajiri nikapitiwa na mwongozaji, Msambaa wa kijiji cha jirani. Hakubeba kitabu. Tulisimama ukingoni mwa msitu, mahali ambapo mti mkubwa ulikuwa umeanguka zamani, na kwa zaidi ya nusu saa hatukusogea. Mimi macho yangu yote vileleni.

"Dada, shusha macho," akaninong'oneza. "Huyu tunayemtaka haishi juu. Mti ukianguka, jua likaingia, mimea ikatambaa na kusongamana, humo ndimo anamokaa."

Akamsikia kabla yangu: sauti ileile moja inarudiwa, ya pili ikaitika karibu yake. Kisha akatokeza, kadogo, rangi ya majivu, mdomo mrefu kuliko unavyotarajia kwa umbo lile. Sekunde tano, labda sita. Wataalamu wanamwita Artisornis moreaui, kwa heshima ya mtafiti wa ndege Reginald Moreau, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani tangu mwaka 1928. Duniani anapatikana huku Usambara na kaskazini mwa Msumbiji tu. Nimezaliwa Tanga, nimesoma Tanga, na siku hiyo ndiyo ya kwanza kumsikia. Nilitokwa na machozi na sioni haya kusema.

Baada ya hapo tulitembea hadi mchana. Nikaonyeshwa chozi wa Amani, ndege mdogo anayefyonza maua, tumbo jeupe, juu kabisa ya miti, na shorobe wa Fischer aliyefunua mabawa mekundu alipovuka njia. Kuhusu hondohondo nilijifunza jambo lililonisumbua: wanakula matunda ya Maesopsis, mti wa kigeni ulioletwa na watu, na mbegu zake wanazisambaza mpaka ndani kabisa ya msitu, ambako unachukua nafasi ya miti ya asili. Ndege yuleyule anayepanda miti ya asili anapanda na mvamizi wake.

Darubini: yangu ni ya 10x25 (inakuza mara kumi, lenzi za mbele milimita 25), na chini ya kivuli kile inaonyesha giza. Mwongozaji alikuwa na ya 8x42 iliyochakaa mipira, na niliona mara mbili zaidi nayo. Kama unanunua kwa ajili ya misitu, nunua ya namna hiyo. Beba sweta na koti la mvua hata kama si msimu wa mvua. Ukungu haukuisha mpaka saa nne, na njia za udongo mwekundu zinateleza.

Nyumba ya wageni niliyolala ilikuwa safi, ila kifungua kinywa ni saa mbili, wakati ambapo ndege wengi wameshanyamaza. Omba usiku uachiwe chupa ya chai na chapati. Mimi nililazimika kuuliza mara tatu.

Kuhusu msimu, Julai ina faida yake. Baadhi ya ndege wa milimani juu huteremka kukimbia baridi, na asubuhi ya tatu, kandokando ya kijito, tulimwona mmoja wao mwenye kifua cha manjano na doa jeupe karibu na jicho, ametulia jiweni hatua chache tu kutoka tuliposimama. Hasara ni kwamba wengi hawaimbi, na msituni asiyeimba ni vigumu kumpata. Wahamiaji wa Ulaya nao hawajafika. Mwongozaji aliniambia nyimbo huanza kurudi kuanzia Septemba. Nimeshamwomba anitengee siku mbili za Oktoba.