Kumlipa meneja kwa faida ya vitabuni au kwa bei ya hisa

Wenye kampuni wanaotaka meneja afanye kazi kwa manufaa yao wana vipimo viwili vikuu vya kuandika katika mkataba wa malipo yake: faida inayoonyeshwa na hesabu za kampuni, na bei ya hisa sokoni.

Faida ya vitabuni iko karibu na kazi ya meneja mwenyewe, kwa kuwa haiyumbishwi na kila hofu ya wawekezaji. Lakini huandaliwa chini ya usimamizi wa yuleyule anayelipwa kwayo, na hapo ndipo penye hatari kubwa. Mwaka 1985 mtafiti wa uhasibu Paul Healy alionyesha kwamba mameneja ambao bonasi zao zilikuwa na kikomo cha juu walielekea, kikomo hicho kikishafikiwa, kuchagua makadirio ya kihasibu yanayopunguza faida ya mwaka huo na kuisogeza hadi miaka inayofuata.

Bei ya hisa hutazama miaka ijayo, hivyo humtuza anayegharimia utafiti ambao kwa sasa unapunguza faida. Kasoro yake ni kumbebesha meneja misukosuko asiyoweza kuizuia, kama vile kupanda kwa riba, naye hudai malipo zaidi kwa kuibeba.

Mwanauchumi Bengt Holmström alithibitisha mwaka 1979 kwamba kipimo chochote kinachoongeza habari kuhusu juhudi za meneja kina thamani katika mkataba. Kwa hiyo naona si sahihi kuitupa faida kwa sababu tu inaweza kuchezewa. Afadhali kuondoa vikomo vya bonasi, na kuzuia hisa za meneja zisiuzwe kwa miaka kadhaa.