Vifaa vya Kutunza Unyevu katika Sanduku la Kioo la Vyura: Kipi Kinunuliwe Kwanza Hapa Visiwani

Anayefuga vyura Unguja au Pemba huanza na neema ambayo mfugaji wa Ulaya huitafuta kwa fedha nyingi. Hewa yetu ina unyevu wa kutosha kwa sehemu kubwa ya mwaka, na katika masika, kuanzia Machi hadi Mei, nguo iliyoanikwa asubuhi huweza kulala kambani bila ya kukauka. Hata hivyo, miongozo mingi ya ununuzi imeandikwa kwa ajili ya watu wanaopasha moto nyumba zao wakati wa baridi, na anayeifuata kama ilivyo hujikuta amenunua mashine ya kuongeza maji ilhali yanayowatesa vyura wake ni joto, hewa iliyotuama na maji yasiyofaa. Kwa sababu hiyo, mpangilio ninaoutoa hapa umeviweka mbele vifaa vinavyouhifadhi unyevu uliopo na kuuachia nafasi ya kutoka, na umevirudisha nyuma vile vinavyouzalisha.

Chura hanywi kwa mdomo kama kuku au paka. Hufyonza maji kwa ngozi, hasa ile ya tumboni, na sehemu ya pumzi yake hupitia hapo hapo, hivyo kila kilichomo ndani ya maji humwingia mwilini. Vyura wengi wa mitini na wa misituni huridhika na unyevu wa hewa wa kati ya asilimia 60 na 80, unaopanda usiku na kushuka mchana. Kushuka huko ni kwa lazima, kwani sanduku linalorowa usiku na mchana huwaletea magonjwa ya ngozi, na joto likipita nyuzi 30 pamoja na hewa iliyofungwa, wengi wao hawastahamili.

Kabla ya kifaa chochote, nunua kipima unyevu cha kidijitali chenye kuonyesha na joto. Vile vya mshale vinavyobandikwa ukutani mwa sanduku huonyesha namba za kubahatisha, na sivipendekezi hata vikiwa vya bei ndogo. Kipima kipya kijaribiwe hivi: tia chumvi ya mezani katika kizibo cha chupa, iloweshe kwa matone machache ya maji hadi iwe uji mzito, kisha kifungie kizibo hicho pamoja na kipima ndani ya chombo kisichopitisha hewa kwa saa nane au zaidi. Hewa iliyo juu ya chumvi iliyolowa namna hiyo hutulia karibu na asilimia 75, na tofauti utakayoiona ndiyo ya kuongeza au kupunguza kila usomapo.

Nafasi ya kwanza naipa kifuniko cha kioo pamoja na tabaka zuri la chini, na hapa ndipo fedha nyingi zaidi zinapostahili kutumika. Masanduku mengi huja na wavu mtupu juu, unaoruhusu unyevu wote kupotea pale chumba kinapowashwa kiyoyozi. Fundi wa alumini na vioo anaweza kukukatia kioo cha kufunika kiasi cha robo tatu ya wavu huo, na sehemu iliyobaki iachwe wazi. Mwombe pia aache mwanya wenye wavu chini ya mlango wa mbele, ili hewa ya moto ipande na kutokea juu huku hewa mpya ikiingia kutoka chini. Wavu uwe wa chuma cha pua, kwa kuwa hewa ya bahari hula chuma cha kawaida kwa muda mfupi, na wavu wa nailoni hutafunwa na nyenje tunaowalishia vyura. Silikoni iwe ile isiyotiwa dawa ya kuzuia kuvu, na sanduku lisitumike mpaka harufu yake ya siki iondoke kabisa.

Kuhusu tabaka la chini, tumejaaliwa makumbi, ambayo wenzetu wa nchi za mbali huyanunua yakiwa yamekaushwa na kushindiliwa kama matofali. Vumbi la makumbi hushika maji mengi na kuyaachia polepole. Lakini yatazameni yametoka wapi. Makumbi yaliyofukiwa ufukweni ili yasokotwe kamba yamekunywa maji ya bahari, na chumvi hiyo ni sumu kwa chura. Chukua makumbi makavu ya shamba, yaloweke katika maji baridi, uyamwage na kurudia mara kadhaa. Chini yake weka kokoto zilizooshwa, zisiwe za matumbawe, zikitenganishwa na makumbi kwa kipande cha wavu ili maji yanayozidi yakae huko badala ya kuozesha mizizi ya mimea. Juu yake tandaza majani makavu.

Nafasi ya pili ni bomba la mkono la kunyunyizia, lile la lita moja au mbili linalopampiwa kwa mkono na kutumiwa na watunza bustani. Ni bora kuliko chupa ya kinyozi kwa sababu hutoa matone madogo mfululizo bila ya kuchosha kiganja. Nunua jipya na lisiwahi kutiwa dawa ya wadudu wala sabuni. Kwa mwenye sanduku moja au mawili aliyepo nyumbani asubuhi na jioni, bomba hili pamoja na kifuniko vinatosha, na sioni haja ya yeye kwenda mbali zaidi.

Mfumo wa pampu, nozeli (vichwa vya kunyunyizia) na taima nauweka wa tatu. Unamfaa mwenye masanduku mengi au anayesafiri mara kwa mara baina ya Unguja na Pemba. Chagua pampu ya volti 12, ambayo huweza kuendeshwa kwa betri ya sola, kwani umeme wetu hutufikia kwa waya uliopita chini ya bahari, na wakubwa wanakumbuka jinsi Unguja ilivyokaa takriban mwezi mzima bila ya umeme mwaka 2008, kisha takriban miezi mitatu kuanzia Disemba 2009. Taima iwe na uwezo wa kuhesabu sekunde, kwa sababu taima za dakika 15 zitakugharikishia sanduku. Agiza nozeli za akiba siku hiyo hiyo unapoagiza mfumo, maana chokaa ya maji yetu huziziba.

Mashine ya ukungu inayotumia mtetemo ndiyo inayowavutia wanunuzi wengi, na kwa hakika ukungu ukitambaa juu ya majani hupendeza macho. Naipa nafasi ya nne. Mtetemo hurusha hewani kila madini yaliyoyeyuka majini, nayo hutua juu ya kioo, majani na ngozi ya chura yakiwa vumbi jeupe. Tangi lake lisiposafishwa huzalisha bakteria, na ukungu wake haulowanishi makumbi vya kutosha. Maporomoko madogo ya mapambo ni ya mwisho: hula nafasi, huhitaji kusafishwa daima, na unyevu yanaouongeza ni mdogo.

Maji nayo yahesabiwe katika bajeti. Maji ya visima vya karibu na pwani huwa na chumvi, na ya mfereji huwa na klorini, hivyo yaachwe katika ndoo iliyo wazi kwa saa 24 au yatiwe dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwa wafugaji wa samaki. Bora kuliko yote ni maji ya mvua yaliyokingwa katika pipa la plastiki baada ya mvua ya mwanzo kuliosha paa, mradi paa lisiwe la bati lililoshika kutu au lililopakwa rangi. Anayenunua maji ya betri, yaani yale yaliyotolewa madini, asome chupa kwa makini, kwa kuwa chupa ya asidi hufanana nayo.

Kwamba unyunyizaji pekee hautoshi, tulishuhudia Tanzania Bara. Baada ya bwawa la umeme kupunguza rasharasha za maporomoko ya Kihansi, mabomba ya kunyunyizia yaliwekwa bondeni kwa ajili ya vyura wadogo wasiopatikana kwengine duniani, lakini mwaka 2003 idadi yao ilianguka vibaya, na kuvu wa ngozi anayeua vyura aligunduliwa miongoni mwao. Wale waliokuwa wamepelekwa Marekani kuzalishwa ndio walioirithisha mbegu, na vizazi vyao vilianza kurudishwa Kihansi mwaka 2012. Kwa hiyo kila sanduku liwe na bomba na kitambaa chake, na maji machafu yatiwe dawa ya klorini kabla ya kumwagwa, yasifike mtaroni wala kwenye vinamasi walipo vyura wa porini. Wale wa Jozani, akiwemo chura aliyetambuliwa rasmi kisayansi mwaka 2007 na kupewa jina la msitu huo, waachwe walipo, na mnunuzi amtake muuzaji amwonyeshe kibali cha kila chura anayemuuza.